Mwili unabadilika: mwongozo wa kujiandaa kwa msichana na mvulana anayebalehe

Kila muhula ukianza, maswali yanayonifikia ni yale yale. "Mwalimu, nimeona damu, naumwa nini?" "Mbona titi moja limeota na lingine bado?" "Mbona sauti yangu inakatika nikisimama kusoma?" Wanaouliza wako darasa la tano hadi kidato cha pili. Wengine wanashuka na daladala kutoka Kibosho na Marangu, wengine ni wa Majengo na Pasua hapa hapa Moshi mjini, na binamu zao wa Arusha wanauliza hivyo hivyo kwa simu ya mama. Nimeyapanga majibu kama kazi inavyofanyika: uwe na nini, uanze na lipi, na wakati gani suala ni la hospitali.

Nina msimamo mmoja katika haya. Hofu na aibu nyingi hutokana na kukutwa hujajiandaa. Msichana mwenye pedi mbili kwenye begi na mtu mzima mmoja wa kumwambia hapotezi siku ya shule. Mvulana aliyeelezwa mapema kuhusu ndoto nyevu haamki asubuhi akidhani ameugua.

Soma zote, hata zile za jinsia ambayo si yako. Una dada, una kaka, una unayekaa naye dawati moja.

Kabla ya kuanza, uwe na vitu hivi

Vingi tayari viko nyumbani.

- Beseni dogo lako peke yako na kipande cha sabuni ya mche, kwa ajili ya kufulia nguo za ndani.
- Chupi au boksa za pamba, tano au zaidi. Sweta na sketi nenda kachague kwenye mitumba ya Memorial au Kiboriloni bila wasiwasi, lakini nguo za ndani zinunuliwe mpya.
- Taulo lako mwenyewe. Usichangie na mtu, hata mdogo wako wa tumbo moja.
- Daftari dogo na kalamu, na kalenda yoyote, hata ile ya ukutani ya dukani.
- Mfuko mdogo wa kitambaa wenye zipu au kamba, unaoingia kwenye begi la shule.
- Kwa msichana: paketi moja ya pedi, au vitambaa vya kushonea pedi zako (hatua ya 5).
- Mtu mzima mmoja unayemwamini. Huyu usimwache mpaka siku ya shida. Mtafute sasa.

Hatua ya 1: Jua kinachokuja na kwa mpangilio gani

Ubongo huamrisha mwili utoe homoni, na homoni ndizo zinazoleta mabadiliko haya yote. Wasichana wengi huanza wakiwa na miaka kati ya 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14. Ndiyo maana darasa moja la sita lina mtoto na mtu mzima kwenye dawati moja, na wote wawili wako sawa.

Kwa msichana, mara nyingi dalili ya kwanza ni uvimbe mdogo mgumu chini ya chuchu, unaouma ukiguswa. Upande mmoja unaweza kutangulia kwa miezi kadhaa. Baadaye huja nywele za sehemu za siri na za kwapani, urefu, nyonga kupanuka, kisha hedhi. Hapa kuna hesabu ya kukusaidia: hedhi ya kwanza huja takriban miaka miwili, au zaidi kidogo, baada ya matiti kuanza kuota. Ukiona uvimbe ule ukiwa darasa la tano, mfuko wako wa hedhi uwe tayari kabla hujaingia la saba.

Kwa mvulana, korodani ndizo hutangulia kukua, kisha nywele, kisha urefu, kisha sauti. Wavulana huchelewa kurefuka kuliko wasichana kwa kama miaka miwili. Ukiona wasichana wamekupita kimo, usijipime nao.

Hatua ya 2: Zungumza na mtu mzima wako, hata kwa dakika tano

Anaweza kuwa mama, bibi, shangazi, mama mdogo, baba, mjomba, matroni au patroni wa bweni, au mwalimu wa malezi. Sifa ninazozitafuta mimi ni mbili: anasikiliza kabla ya kufoka, na siri yako haitafika kwa majirani.

Kinachowashinda wengi ni namna ya kuanza. Chukua maneno haya kama yalivyo: "Mama, naomba nikuulize jambo la mwili wangu, tukiwa wawili tu." Au kwa mvulana: "Mjomba, kuna kitu kinanitokea usiku, nataka kujua kama ni kawaida." Ukiona mdomo mzito, andika swali kwenye karatasi umpe. Wakati mzuri ni ule ambao mikono ina kazi: mnachambua maharage, mnamenya ndizi, mnakata majani ya ng'ombe. Macho hayatazamani na maneno yanatoka.

Kosa ninaloliona sana ni kumfanya rafiki wa darasani kuwa ndiye mshauri pekee. Mpende, cheka naye, lakini naye ndiyo kwanza anaanza kama wewe.

Hatua ya 3: Badilisha usafi wa kila siku

Jasho la mtu anayebalehe lina harufu kuliko la mtoto. Kuoga mara moja kwa siku sasa ni lazima, hata Julai ambapo maji ya huku mlimani ni baridi ya kuuma. Ukikosa maji ya moto ya kutosha, pasha lita mbili tu na uoshe sehemu nne: kwapa, sehemu za siri, makalio na nyayo. Jikaushe vizuri kabla ya kuvaa. Soksi na chupi hubadilishwa kila siku; shati la shule ukilirudia, lianike usiku, usilikunje.

Msichana, osha sehemu za nje tu, kwa maji. Ndani ya uke hujisafisha penyewe. Sabuni, manukato, limau au maji ya chumvi huko ndani huleta muwasho na maambukizi. Mvulana ambaye hajatahiriwa arudishe ngozi ya mbele taratibu, pale inaporudi yenyewe bila kulazimishwa, aoshe kwa maji.

Kwapani usipake limau wala magadi, ngozi itababuka. Deodoranti ya bei nafuu inatosha, na asiye nayo atumie maji na sabuni asubuhi na jioni.

Chunusi: nawa uso mara mbili kwa siku kwa sabuni laini, usizikamue, na usijipake mafuta mazito usoni. Zikiwa nyingi na zinauma, muulize mfamasia dawa yenye benzoili peroksaidi na ufuate maelekezo yake. Na hapa naomba unisikilize sana: usipake mkorogo. Krimu za kung'arisha zenye steroidi huondoa chunusi kwa siku chache, halafu ngozi inakuwa nyembamba, inaungua na jua, na chunusi zinarudi kwa nguvu. Nimewaona mabinti wenye ngozi nzuri kabisa wakiharibika hivyo, na kuirudisha ngozi ile huchukua muda mrefu.

Hatua ya 4: Andaa mfuko wa hedhi (msichana)

Weka ndani ya mfuko wako:

- pedi mbili au tatu;
- chupi moja safi;
- kipande cha sabuni kilichofungwa;
- kitambaa kidogo cha kujifutia;
- mfuko usiopitisha maji, wa kuwekea iliyotumika.

Begi la shule liwe na chupa ya maji pia, kwa sababu vyoo vya shule nyingi maji hukatika. Mfuko huu ukae kwenye begi siku zote, hata kama hedhi haijaanza. Hedhi ya kwanza haipigi hodi. Inakuja kwenye mtihani, kanisani, madrasa, kwenye daladala ya Machame.

Mwenye uwezo mdogo wa pesa asikate tamaa. Pedi za dukani ni gharama ya kila mwezi, na kodi yake imekuwa ikipanda na kushuka: mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, mwaka 2019 ikairudisha. Pedi za kitambaa unashona mara moja na ukizitunza zinakwenda mwaka na zaidi.

Hatua ya 5: Shona pedi zako

Kwa pedi sita unahitaji mita moja ya flaneli ya pamba, taulo moja la zamani la pamba, vifungo sita vya kubana, uzi na sindano. Kama nyumbani hamna cherehani, mpelekee fundi wa barazani vitambaa vikiwa vimeshakatwa. Kazi ni ndogo na hatakutoza sana.

1. Fua vitambaa vyote kwa maji ya moto, kausha. Pamba husinyaa, na usipofanya hivi pedi itajikunja baada ya kufuliwa mara ya kwanza.
2. Kwenye karatasi ngumu chora umbo la pedi: urefu sm 26, upana wa katikati sm 8, ncha ziwe za mviringo. Katikati ongeza mabawa mawili, ili kutoka ncha ya bawa moja hadi la pili iwe sm 20. Kata.
3. Kwa kila pedi kata flaneli mbili kwa umbo hilo, ukiacha sm 1 ya kushonea pembeni.
4. Kata vipande vitatu vya taulo, urefu sm 24, upana sm 7, bila mabawa. Hivi ndivyo vinavyonyonya.
5. Panga vipande vya taulo juu ya upande wa ndani wa flaneli moja, katikati, uvishone kwa mistari miwili mirefu visihame.
6. Weka flaneli mbili uso kwa uso, shona kuzunguka, acha mdomo wa sm 5. Geuza, kisha pitisha mshono wa juu pembeni pote, mdomo utajiziba.
7. Bandika vifungo kwenye ncha za mabawa. Vaa, kunja mabawa chini ya chupi, funga. Tembea, chuchumaa, panda ngazi. Ikihama, sogeza vifungo viwe karibu zaidi.

Usiweke kipande cha mfuko wa plastiki katikati. Nimeulizwa hili mara nyingi, na nia ni njema, kuzuia kuvuja. Lakini plastiki hufungia jasho, inaleta vipele, na inapiga kelele ukitembea. Bora kuongeza kipande cha nne cha taulo kwa siku nzito.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Doa la kwanza linaweza kuwa la kahawia, si jekundu. Ndiyo hedhi hiyo. Nenda chooni, weka pedi, funga sweta la shule kiunoni kama sketi imechafuka, kisha mwambie matroni au mwalimu wa kike. Jioni mwambie mtu mzima wako.

Ukiwa huna pedi kabisa, kunja kitambaa safi cha pamba, kipande cha kanga kuukuu kwa mfano, ukiweke ndani ya chupi. Usisokomeze kitu chochote ndani ya uke: pamba, karatasi, wala kipande cha godoro. Vipande hubaki ndani na vinaleta maambukizi mabaya.

Badilisha pedi kila baada ya saa nne hadi sita, hata kama haijajaa. Nawa mikono kabla na baada. Pedi ya dukani iliyotumika ifunge kwenye karatasi, uiweke kwenye pipa au kichomea taka. Ukiitupa kwenye choo cha kuvuta maji, kitaziba.

Andika tarehe kwenye kalenda. Hedhi hukaa siku 2 hadi 7. Mzunguko unahesabiwa kutoka siku ya kwanza ya hedhi moja hadi siku ya kwanza ya inayofuata, na kwa msichana wa umri wako siku 21 hadi 45 ni kawaida. Miaka miwili au mitatu ya mwanzo tarehe hurukaruka. Endelea kuandika tu. Baada ya muda utaona mwenendo wako.

Tumbo likiuma, weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga chini ya kitovu, na ujitahidi kutembea kidogo. Paracetamol au ibuprofeni husaidia, ukila kwanza na ukifuata kipimo cha umri wako kilichoandikwa kwenye paketi. Aspirini si dawa ya mtoto aliye chini ya miaka 16. Dawa za kuua bakteria hazitulizi maumivu haya hata kidogo. Na mtu akikwambia tumbo la hedhi au chunusi zitaisha "ukikutana na mwanaume", anakudanganya kwa faida yake. Mwondokee.

Unaruhusiwa kuoga, kupika, kuchuma mboga, kucheza netiboli. Mnafu hautanyauka kwa sababu umeugusa.

Chakula kina kazi hapa, maana unapoteza damu: maharage, dagaa, mnafu, mchicha, nyama ikipatikana. Kula chungwa au kamulia limau kwenye mboga, mwili unyonye madini ya chuma vizuri. Chai ya rangi inazuia madini hayo, kwa hiyo inywe saa moja baada ya chakula, isiwe pamoja nacho.

Hatua ya 7: Fua na kausha bila kujificha

Hapa ndipo pedi za kitambaa zinapowashinda wengi. Loweka kwa maji ya baridi, nusu saa yatosha. Maji ya moto hugandisha damu na doa halitoki tena. Mwaga maji mekundu chooni, sugua kwa sabuni ya mche, suuza mpaka maji yawe meupe.

Kisha anika juani. Narudia, juani. Kitambaa kinachokaushwa chini ya godoro au nyuma ya kabati kinabaki na unyevu, kinaota ukungu, na wewe ndiye utakayewashwa. Kama unaona haya, anika kwenye kamba kisha tandaza kanga nyepesi juu yake, jua litapita.

Masika, na ile Juni na Julai ambapo wingu linakaa juu ya migomba kutwa nzima, pedi hazikauki kwa siku moja. Fanya hivi: shona nane badala ya sita, zikamue ndani ya taulo kavu, zitundike karibu na jiko bila kuziacha kwenye moshi, na asubuhi zipige pasi ya mkaa pande zote mbili mpaka ziache kutoa mvuke. Pedi za kununua zenye tabaka la kuzuia maji usizipige pasi, litayeyuka.

Hatua ya 8: Ya mvulana

Sauti ikikwaruza, isome hivyo hivyo. Itatulia baada ya miezi kadhaa. Koo haliumwi, kwa hiyo huhitaji dawa wala tangawizi.

Ndoto nyevu ni manii kutoka usingizini. Si ugonjwa, si dhambi uliyoipanga, na haimaanishi umeishiwa nguvu. Amka, jioshe, badilisha boksa, fua shuka kwenye beseni lako. Weka shuka la pili karibu na kitanda ukiwa bweni. Uume kusimama ghafla darasani nako ni homoni. Kaa, weka daftari mapajani, fikiria hesabu, dakika chache itapita.

Korodani moja kuning'inia chini kuliko nyingine ni kawaida. Lakini shika hili kuliko yote katika hatua hii: korodani ikianza kuuma ghafla na kwa nguvu, pengine na kutapika, ni dharura. Inaweza kuwa imejisokota na damu haifiki. Madaktari wana takriban saa sita za kuiokoa. Usisubiri kuche, usione haya, usikande kwa maji ya moto. Mwamshe mtu mzima mwende hospitali usiku huo huo, Mawenzi au KCMC kwa mlio Moshi, Mount Meru kwa mlio Arusha.

Tohara: familia nyingi za mlimani huifanya Desemba watu wakirudi nyumbani kwa Krismasi. Mila ibaki na sherehe yake, lakini mkato wenyewe ufanywe na mhudumu wa afya kwa vifaa vilivyotakaswa. Wembe mmoja kwa wavulana wengi huambukiza VVU na homa ya ini. Ukinyoa ndevu au kwapa, wembe uwe wako peke yako vilevile.

Hatua ya 9: Hasira, machozi na kujitenga

Utakasirika kwa jambo dogo, kisha jioni ujiulize umekasirikia nini. Utalia bila kupigwa. Utapenda kukaa peke yako na dakika hiyo hiyo kuumia kwamba hakuna aliyekuita. Homoni zina sehemu yake, ubongo unaoendelea kujengwa una sehemu yake, na usingizi mdogo una sehemu kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kijana wa miaka 13 na kuendelea anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Anayelala saa sita usiku akiangalia simu na kuamka saa kumi na moja kukamua ng'ombe hawezi kuwa na moyo mtulivu.

Fanya hivi kwa wiki mbili. Kila jioni andika kwenye daftari mstari mmoja: leo nilihisi nini, na kilitanguliwa na nini. "Nilimjibu bibi vibaya. Sikula mchana." "Nililia. Walinicheka mguu." Sababu zinazojirudia zitajitokeza zenyewe. Msichana atazame pia tarehe: wengi huwa na huzuni au hasira siku chache kabla ya hedhi, na ukijua hilo unaweza kumwambia dada yako mapema.

Hasira ikipanda, ondoka ulipo kabla hujajibu. Sema, "Samahani mama, naomba nitoke kidogo, nitarudi tuzungumze." Kwa wazee wetu kuondoka bila neno ni jeuri, ila ukiomba ruhusa wengi wanaelewa. Tembea hadi mfereji na urudi, kisha timiza ahadi ya kurudi kuzungumza, maana hapo ndipo wanapoanza kukuamini.

Ukitaniwa kuhusu mwili, jibu fupi linatosha: "Mwili unakua, na wako pia." Wanaokugusa au kukuvuta nguo hawatanii tena. Hao peleka kwa mwalimu.

Hatua ya 10: Linda mipaka yako

Mwili wa msichana unaweza kushika mimba tangu anapopevuka, hata kabla hajaona hedhi ya kwanza. Mvulana aliyeanza kutoa manii anaweza kumpa msichana mimba. Basi lifti za bure za bodaboda, chipsi mayai za kila jioni, simu uliyopewa "kama zawadi, usimwambie mama", zote zina bei yake. Mtu mzima mwenye nia njema hakuambii uwafiche wazazi. Usimtumie mtu yeyote picha ya mwili wako.

Sheria iko upande wako. Tangu mwaka 1998 kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai, na kufanya ngono na msichana aliye chini ya umri huo ni kubaka hata kama alikubali. Ukisikia kwamba likizo hii unapelekwa kwa ndugu "kufanyiwa mila", mwambie mwalimu kabla shule haijafungwa. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto ni bure, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Kitu kingine cha kufuatilia: chanjo ya HPV inayokinga saratani ya mlango wa kizazi hutolewa bure kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na tangu 2024 ni dozi moja. Kama shuleni ilikupita, muombe mama akupeleke kituo cha afya.

Mambo yakienda kombo

*Pedi inavuja.* Mara nyingi imewekwa mbele mno au nyuma mno. Usiku isogeze nyuma. Chupi iliyolegea nayo ni sababu.

*Hedhi ilikuja mara moja, ikapotea miezi miwili.* Mwaka wa kwanza hilo hutokea sana. Ikipita miezi mitatu, nenda kituo cha afya. Kama kuna mtu amefanya ngono nawe, kwa hiari au kwa nguvu, usisubiri, nenda sasa.

*Damu ni nyingi.* Pedi ikilowa kabisa kila saa moja au mbili, au hedhi ikizidi siku 7, au ukisikia kizunguzungu, nenda hospitali.

*Wenzangu wote wameshaanza.* Msichana asiye na dalili ya matiti akifika miaka 13, au asiyeona hedhi akifika 15, na mvulana asiye na dalili yoyote akifika 14, waonane na daktari. Vivyo hivyo aliyeanza mapema mno: msichana kabla ya miaka 8, mvulana kabla ya 9.

*Ute kwenye chupi.* Mweupe au usio na rangi, bila muwasho, ni wa kawaida na huanza miezi kadhaa kabla ya hedhi. Ukiwa wa kijani, wenye harufu kali au wa kuwasha, unahitaji tiba.

*Mimi ni mvulana na kifua kimevimba.* Hutokea kwa wavulana wengi na kwa kawaida huisha wenyewe ndani ya miezi sita hadi miaka miwili. Usifunge kitambaa cha kubana.

*Meno yangu ni ya kahawia, siwezi kutabasamu.* Hili naulizwa na wa Ngarenanyuki na Maji ya Chai kila mara. Ni floraidi ya maji uliyokunywa ukiwa mdogo, meno yakiwa bado yanajengeka. Hayakuchafuka kwa uvivu, na kuyasugua kwa mkaa au mchanga kutayaharibu tu. Piga mswaki kama kawaida. Daktari wa meno ana njia za kupunguza rangi ile ukiwa na uwezo.

*Huzuni haiondoki.* Ikipita wiki mbili, hulali, huli, huoni raha ya chochote, mwambie mtu mzima wako mwende hospitali. Ukiwaza kujidhuru au kufa, usimalize siku hii peke yako: mwambie mtu aliye karibu sasa hivi, au piga 116.

*Mtu mzima niliyemchagua amenifokea.* Pole sana. Pengine alishtuka, pengine naye hakuwahi kuelezwa haya. Usiishie hapo, nenda kwa wa pili. Bibi, shangazi, baba mdogo, muuguzi wa zahanati iliyo karibu. Kwenye kituo cha afya uliza dirishani kama wana huduma rafiki kwa vijana. Sema tu, "Shikamoo dada, naomba kumuona muuguzi wa vijana." Huhitaji kueleza tatizo lako pale mbele ya foleni.